Kipupwe, Mkeka na Maneno Tuliyoyasema



Wiki iliyopita, shule zikikaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, tulikuwa tukiwasomesha watoto wa madrasa majina ya majira ya mwaka kwa Kiarabu. Tukaandika ubaoni: rabii, swaifu, kharifu, shitaa. Tukaeleza kwamba shitaa ni majira ya baridi, ambapo katika nchi za wenzetu theluji huanguka na miti ikabaki mitupu. Binti mmoja wa miaka minane akanyanyua mkono. "Maalim, na sisi shitaa yetu ni lini?" Tukamjibu upesi, kama wajibuvyo walimu wenye haraka, kwamba sisi huku hatuna shitaa. Binti akatutazama, akaivuta shali yake mabegani, na wenziwe wakaangua kicheko, kwa kuwa asubuhi hiyo upepo wa kusi ulikuwa ukipenya madirishani na kuzipeperusha karatasi zao zote.

Alikuwa na haki ya kututazama vile. Shitaa tunayo, na jina lake ni kipupwe. Masika yakisha kumwaga maji yake na kusi kutulia katika njia yake, kuanzia Juni hadi Agosti, mji wetu wa Mombasa hubadilika. Mwezi Machi joto la mchana hufika nyuzi 33 na godoro halilaliki. Julai usiku huteremka hadi nyuzi 20 au 21. Ndugu zetu wa Nairobi hucheka wakituona tumevaa sweta kwa baridi kama hiyo. Na wacheke. Mwili hujua ulikotoka. Mwenye kwenda msikitini alfajiri miezi hii, mbingu ikiwa safi, hukiona Kilimia kimepanda upande wa mashariki kabla ya weupe kuingia, na hilo wazee wetu walilijua pasipo kalenda ya ukutani. Walihesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, wakaziita miongo, na kwa hesabu hiyo wakajua siku ya kupanda, siku ya kupandisha chombo pwani na siku ya kukishusha. Sura ya Quraysh yataja misafara miwili, wa shitaa na wa swaifu. Nasi pwani hii tulikuwa na miwili yetu: kaskazi ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha.

Lakini makala haya hatukuyaandika kwa ajili ya upepo. Tuna deni, na deni lenyewe ni la wasomaji wa gazeti hili zaidi ya watu wengine, maana wengi wao ni akina mama.

Yapata miaka sita sasa, tulialikwa kutoa darsa kwa akina mama, nyumbani kwa mmoja wao, baada ya sala ya Alasiri. Mada ilikuwa malezi. Tulisema mengi siku ile, na mengi katika hayo tungeyasema tena leo. Ila katikati ya maneno tuliingiza jambo moja ambalo hatukulitayarisha. Siku moja kabla, jioni ya Jumapili, tulikuwa tumepita Mama Ngina, tukakuta msongamano wa watu, muziki wapigwa, vijana wapiga kelele, na gari letu likakwama kwa muda mrefu. Tukaudhika. Basi tukawaambia akina mama wale kwamba mama anayejali wakati wake hana haja ya kwenda kutandika mkeka ufuoni na watoto. Kwamba huko ni kupoteza wakati na kukaribisha maneno ya watu. Na kwamba nyumba yamtosha. Hatukuleta dalili. Wala hatukusema, kama ilivyotupasa, kwamba haya ni maoni yetu na tumeudhika na msongamano wa magari. Tuliyasema kwa sauti ile ile tuliyosemea mambo yenye dalili. Wakaitikia, tukanywa chai ya tangawizi, tukaenda zetu, tukasahau.

Miaka mitatu baadaye mama watoto wetu akapatikana na maradhi ya sukari. Tulikwenda naye kwa daktari, binti mdogo kwa umri ila mwenye adabu na elimu yake. Akamweleza chakula, akamweleza dawa, kisha akauliza, "Mama, kwa siku watembea muda gani?" Mama watoto akatutazama sisi, kisha akautazama mkoba wake mapajani. Hakujibu. Daktari akafikiri hakusikia, akasema polepole kwamba yatosha nusu saa kwa siku, angalau siku tano katika wiki, na si lazima iwe mbio, mwendo wa haraka haraka wafaa.

Tukiwa katika tuktuk njiani kurudi, akasema bila kugeuza uso, "Mwalimu, waikumbuka ile darsa ya nyumba ya mtaa wa pili? Mimi nilikuwa jikoni, natia chai. Nilisikia." Tukanyamaza. Akaendelea, "Nami na dada yangu tulikuwa tukitembea Laithausi kila Alhamisi jioni. Niliacha. Sikutaka watu waseme kwamba mke wa sheikh hafuati aliyoyasema sheikh."

Hatusemi kwamba kuacha kutembea ndiko kulikomletea maradhi. Daktari mwenyewe alituambia sababu zake ni nyingi, na katika ukoo wao yapo tangu kwa mama yake. Lakini tulikaa ndani ya ile tuktuk tukahesabu: miaka mitatu, Alhamisi kila wiki. Alhamisi zile nani angezirejesha?

Ilituchukua muda kutoka. Twaona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kaskazi ikapita na joto lake, nasi tukasema jua kali. Masika yakaingia, tukasema mvua. Ndipo kipupwe cha mwaka jana kilipofika, hatukuwa na udhuru wa kuutaja. Jumamosi moja ya Julai, Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, tulichukua mkeka, thamosi ya kahawa isiyo na sukari, chupa mbili za maji ya udhu, na mjukuu wetu wa miaka saba aliyechukua tiara yake ya magazeti aliyoundiwa na ami yake kwa vijiti vya makuti. Tukashuka Mama Ngina.

Ambao hamjafika siku nyingi, hapo pamebadilika. Pamejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, pamewekwa njia za kutembelea na mahali pa kukaa, na mtu aweza kwenda na kurudi pasipo kupishana na gari. Mibuyu ni ile ile. Mjukuu wetu alijaribu kuuzunguka mmoja kwa mikono, akahitaji mikono yake, ya nyanya yake na yetu, na bado hatukukutana. Tukamweleza kwamba shina lile lashika maji ndani yake, na kwamba maua ya mbuyu hufunguka usiku na popo ndio wayatembeleayo. Hakutuamini habari ya popo mpaka nyanya yake alipoithibitisha. Kwa mjukuu wetu, hadithi haina sanadi mpaka ipitie kwa nyanya.

Meli kubwa ilikuwa ikiingia Kilindini, karibu hata majina ya ubavuni yakasomeka. Mama watoto akatembea raundi yake ya kwanza kwa mwendo wa tahadhari, ameshika buibui lisipeperuke, sisi nyuma yake hatua chache. Upepo ulikuwa mkali. Tiara ya mtoto ikapanda mara moja bila ya mtu kukimbia, kwa kuwa kusi hainyanyui tiara kwa kusitasita kama upepo wa matlai, huichukua tu.

Ikafika Magharibi, kiasi cha saa 12 na dakika 20. Tukatandika mkeka kwenye nyasi. Hapa pana jambo tulilolijua kwa hesabu ya vitabu miaka mingi ila hatukuwahi kulihisi mwilini. Kibla cha Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwani Makka na Mombasa zimekaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa urefu wa dunia. Na Mama Ngina iko ncha ya kusini ya kisiwa. Basi anayeswali pale huipa bahari mgongo, na kusi humpiga mabegani tangu takbiri mpaka salamu, kama mtu aliyemwekea mkono mgongoni. Ndani ya msikiti wenye mapangaboi hatujapata kulijua hilo.

Tulipotoa salamu, mtu akatuamkia. "Shikamoo, sheikh." Alikuwa mama mmoja mwenye mfuko mkubwa wa nailoni ulio mtupu. Hatukumtambua. Akasema, "Mimi nilikuwako kwenye darsa yako ya malezi," akaitaja nyumba. Tukahisi joto usoni pamoja na baridi ile. Akacheka kidogo, kwa heshima. "Nimekuona umekaa mkekani nikasema, huyu siye."

Tukamkaribisha, mama watoto akamsogezea kahawa. Ndipo tukajua habari zake. Hutengeneza kachiri za muhogo nyumbani kwake, na kila Jumamosi huzileta kwa wauzaji wa pale, wale wenye meza za mihogo na viazi karai na achari. Ana watoto watatu. Huja, hukabidhi kachiri zake, huhesabu pesa, hurudi. Tukamwuliza watoto hubaki na nani. Hubaki nyumbani na simu, alisema. Tukamwuliza mbona asije nao wapate upepo. Akatutazama kama vile yule binti wa madrasa alivyotutazama juzi. "Si wewe ulisema, sheikh?"

Miaka mitano kila Jumamosi alikuwa akifika pale penyewe, mguu wake ukikanyaga nyasi zile zile, na hakuwahi kukaa.

Tulimwambia papo hapo kwamba tulikosea, kwamba maneno yale yalikuwa ya mtu aliyeudhika na hayakuwa na dalili. Akaitikia "Ewallah" kwa sauti isiyotuonyesha kama amekubali au ameona aibu kwa ajili yetu. Akafunga mfuko wake, akaaga. Mama watoto hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akasema, "Umemwambia mmoja. Ile sebule walikuwa arubaini."

Ndiyo sababu ya makala haya.

Tangu siku ile tumekuwa tukitoka, na kipupwe kimetufundisha zaidi ya tulivyotazamia katika umri huu wa hamsini na kitu. Likizo ya Agosti mwaka jana tuliwachukua wajukuu wanne hadi Haller Park, Bamburi. Kiingilio ni cha pesa, na kwa familia kubwa si kidogo, hivyo ulizeni bei kabla ya kufunga safari msije mkahesabiana langoni mbele ya watoto. Wao walikwenda kwa ajili ya twiga, ambao hulishwa kwa mkono kwa saa maalumu, na kwa ajili ya viboko na mamba. Wakasimuliwa pia habari ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa kando ya mdomo wa mto Sabaki mwisho wa Desemba 2004, akaletwa pale peke yake bila mama, akaenda moja kwa moja kumwegemea kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa kama miaka 130. Mjukuu mdogo akauliza kama kobe alikasirika. Mwanzo alikasirika, alijibiwa, akamkimbia kwa mwendo wa kobe. Kisha akamwachia.

Sisi tulichokwenda kukitazama hawakukijua. Tulikwenda kumtazama jongoo.

Mahali pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe ya kale katika miaka ya 1950, na kilichobaki nyuma kilikuwa shimo jeupe, lisilo na udongo, maji ya chini yenye chumvi, na joto la mchana lisilostahimilika. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kuliotesha. Akapanda miti ya aina 26. Ikafa karibu yote. Ikabaki aina tatu: mnazi, mti wa damas wa upande wa Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliositawi, kwa kuwa mizizi yake husaidiana na vijidudu kuipata mbolea hewani. Lakini tatizo likazuka jingine. Majani yake membamba kama sindano yakaanguka na kutandaa juu ya jiwe, wala hayakuoza. Yalikaa vile vile, makavu, na pasipo kuoza hapana udongo, na pasipo udongo hapana mti wa pili.

Ndipo alipoonekana jongoo, yule mwekundu wa miguu, ayala majani yale. Majongoo yakakusanywa kwa wingi na kumwagwa machimboni. Wakala, wakatoa, na kilichotoka kikawa udongo. Juu ya udongo huo mkaota miti mingine, wakaja ndege, wakaja wanyama, na mwaka 1984 mahali pakafunguliwa kwa watu.

Tulimtafuta tukampata, chini ya mvinje, unyevu wa masika ukiwa bado haujakauka katika majani. Tulimwonyesha mjukuu. Akarudi nyuma, kwa kuwa nyumbani tumewafunza kumchukia, na sisi wenyewe tumekua na ile methali ya kumtupa jongoo pamoja na mti wake. Tulichuchumaa pale, magoti yakalia, tukafikiri kwamba yupo mtu aliyefanya kinyume: alimtafuta jongoo, akambeba, akamwomba kazi. Mtoto akaupeleka mti mdogo mbele yake, jongoo akaupanda, akapita, akashuka upande wa pili akaendelea na njia yake. Alitazama mpaka wenzake wakamwita mara tatu.

Zipo safari nyingine ambazo hatutazieleza kwa urefu. Shimba Hills huko Kwale ina baridi zaidi kuliko mjini na ndimo pekee katika Kenya yetu mnamopatikana palahala porini. Nendeni mapema asubuhi na mvae viatu vya kufunga. Gede, ule mji wa mababu zetu wenye msikiti mkuu ndani ya msitu, miezi hii una kivuli na utulivu, ila nyani wadogo wa pale hunyakua ndizi mkononi, nasi tuna ushahidi. Mida yafaa kwa wapenda mikoko. Kila mtu na uwezo wake, na asiye na nauli ya kwenda mbali ana uwanja wa mtaa wake na upepo ule ule.

Akina mama wametuuliza maswali tangu jambo hili lianze kusemwa mitaani, nasi twajibu tuyawezayo. Kuhusu baridi: mtoto haugui kwa upepo peke yake, mvisheni fulana ya ndani na sweta, na mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiiache nyumbani. Kuhusu kuogelea: miezi hii hapana. Kusi huinua mawimbi na mikondo, na mwani huletwa ufuoni kwa mafungu, mtoto hauoni mwamba ulio chini yake. Wachezee mchangani, waujue mwani na konokono na kaa, maji yasipite kifundo cha mguu. Mbu wako baada ya masika, hivyo rudini Magharibi ikishaswaliwa. Kuhusu sitara: nguo nzito na pini za kutosha, kwa maana kusi haina adabu. Chagueni Jumamosi au siku ya kazi badala ya Jumapili, nanyi mtaepukana na ule msongamano ulioyazaa maneno yetu. Na baba aende pia. Tumeona akina baba wawaletao jamaa zao na kuwangojea ndani ya gari wakitazama simu, hao hawakutoka.

Mtu mmoja ametuandikia kwamba sheikh anafungua mlango utakaoingiza mambo. Twamheshimu, na hofu yake twaijua kwa kuwa ilikuwa yetu. Mahali penye muziki wa kukera mtu ahame, na penye mchanganyiko usiofaa asikae. Lakini bibi zetu walikwenda pwani na mashamba vikundi vikundi, wakaokota chaza, wakakoga bahari siku ya Mwaka, wakarudi na watoto wamechoka kwa kucheza, wala hakuna aliyewaambia kwamba nyumba yawatosha. Nyumba yenyewe ya bibi zetu ilikuwa na ua na mti. Sisi tumewafungia wana wetu vyumba viwili ghorofa ya nne, kisha twasema nyumba yatosha.

Basi kwa arubaini wa sebule ile, na kwa wale waliohadithiwa nao: neno letu la kuwazuia mikeka na fuo halikuwa la elimu. Twalirudisha. Aliyeacha kwa ajili yetu asiache kwa ajili yetu tena. Na aliyepitwa na kitu ambacho hatuwezi kukilipa, tunamwomba msamaha, na ana haki ya kutunyima.

Mjukuu wetu sasa amepata jambo jipya. Tulimwambia kwamba huko kusini kabisa mwa dunia miezi hii ndiyo shitaa yenyewe, ya barafu, na kwamba nyangumi wa nundu hutoka huko wakapita pwani yetu tangu Julai hadi kiasi cha Oktoba, waje kuzaa katika maji yasiyo baridi kama yao. Watu wa Watamu huwaona wakiwa mashuani. Hatukumwahidi kwamba wataonekana kutoka Mama Ngina, na twadhani hawataonekana, lakini amekataa kulisikia hilo. Kila Jumamosi huweka tiara yake chini ya mkeka, akaizuilia kiatu, akasimama ukutani akiitazama bahari.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa, mama watoto yuko raundi ya tatu, akaja yule mama wa kachiri. Mfuko ulikuwa bado umejaa, hajaukabidhi. Nyuma yake walikuwa watoto watatu. Mkubwa, mvulana kama wa miaka kumi na mbili, alitazama huku na huku kama mtu aliyekuja mahali alipopasikia kwa wengine. Mama akatuamkia, akaenda kwa wauzaji, akahesabu pesa zake. Kisha akarudi, akavua viatu, akakaa pembeni ya mkeka wetu, nusu juu yake na nusu kwenye nyasi. Akatoa pakiti moja ya kachiri aliyoibakisha, akaifungua.

Mvulana wake alikwenda kusimama ukutani karibu na mjukuu wetu. "Unatazama nini?"

"Nyangumi."

"Wako wapi?"

"Bado," akasema, naye akajisogeza kumpisha nafasi.